Aprili, Ardhi Imepanda

Usiku wa kuhamisha mtambo tulipewa saa nne tu,
saa sita hadi saa kumi alfajiri,
mwanya mdogo ambamo setilaiti
zingevumilia kukaa bila kuambiwa neno.

Kanali Naserian alikuja na chupa ya chai, akaketi nyuma.
Ukutani saa mbili: ya Nairobi,
na ya mtambo, iliyo nyuma kwa saa tatu.
Ya tatu hatukuitundika, ile ya ulimi wetu,
inayoanza kuhesabu jua likichomoza.
Kule juu hakuna anayejua jua limemchomozea nani.

Mtambo wa zamani ulikuwa wa kijani, feni yake ikilia,
vitufe vimefutika namba
kwa vidole vya mtu mmoja:
Sajenti Lokwawi, miaka kumi na tisa ya zamu za usiku.
Alistaafu Januari. Tulimkatia keki, tukampa blanketi na redio.
Hakuna aliyemuuliza kitu.

Programu mpya niliiandika mimi na vijana wanne,
ghorofa ya tatu, Kilimani.
Tuliipima, ikafaulu.
Tukaipima tena kwa kiburi, ikafaulu.

Saa saba na robo tukageuza swichi.
Setilaiti ya kwanza ikaitika. Ya pili. Ya tisa.
Wekhomba akapiga makofi.
Kisha kiooni, namba ndogo nyekundu:
antena haipo mahali tulipoandika kwamba ipo.
Sentimita nne. Juu.

“Unene wa kipande cha sabuni,” akasema Wekhomba,
“nani atakufa kwa sabuni?”
Kanali akaweka kikombe chini.
“Kosa haliketi lilipozaliwa,” alisema.
“Linapanda, linaizunguka dunia, linarudi na watoto.
Mimi nimewahi kutembezwa na kifaa usiku, msituni.
Kilisema mto uko kushoto.”
Tulingoja amalizie. Hakumalizia.

Tulipouvuta mtambo wa kijani
daftari likaanguka nyuma yake,
lile la shule, lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
*Machi 28. Mvua. Ongeza 1.*
*Aprili 9. Ardhi imepanda. Ongeza 3.*
*Julai. Imeshuka. Rudisha.*
*Februari. Nyufa mpaka kiganja kinaingia. Punguza 2.*
Miaka kumi na tisa, kalamu ya bluu, bila sahihi.

Udongo mweusi wa Embakasi!
Ule unaopasua kuta za majirani, unaomeza gambuti,
unaokunywa mvua ukavimba kama unga wa chapati uliosahauliwa.
Nasi tuliamini zege.

Nikampigia simu saa nane usiku.
Akapokea mlio wa pili; mwili haujui kwamba umestaafu.
“Imenyesha siku ngapi?”
“Kumi na moja.”
“Na jongoo wameanza kupanda ukuta?”
Wekhomba akatoka na tochi, akarudi ameloa.
Wamepanda. Wamefika dirishani.
“Basi ni nne,” akasema Lokwawi. Kimya.
“Yule paka bado anakuja?”
Nikasema anakuja. Sikuwa na hakika.

Niliongeza nne. Nyekundu ikazimika.
Ndani ya programu, juu ya mstari ule,
nikaandika maneno ambayo mashine huyaruka bila kuyasoma:
*Aprili, ardhi imepanda. Angalia jongoo.*

Mahali fulani mtu aliyebeba bunduki
ameangalia kiganja chake gizani, akachagua upande.
Sijui anamwendea nani.
Njia ya mwongo ni fupi, walitufundisha;
ya mkweli wana haja nayo pia wabaya.

Nilitoka jua likichomoza, saa yetu ikianza upya.
Tope lilishika viatu,
likaongezeka kila hatua, likiniinua.
Nikafika getini mrefu kuliko nilivyoingia,
na askari akaandika saa tu.